Nani analipia kipawa cha mtoto wa shule ya umma Mombasa?

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinataja watoto wanaohesabiwa kuwa na mahitaji maalumu nchini Kenya. Wametajwa wenye ulemavu wa akili, wa viungo, wa macho na wa kusikia, pamoja na wenye ulemavu zaidi ya mmoja. Mwisho wa orodha wametajwa wanafunzi wenye vipawa na vipaji vya kipekee. Wazazi wengi hushangaa wakisikia haya. Wamezoea kwamba mtoto mwerevu ni baraka ya nyumba, mtu wa kuombewa dua na kupongezwa, wala hawajamfikiria kuwa mtoto mwenye haki ya kudai kitu serikalini. Lakini sheria imemweka humo, na kifungu hicho hicho kinaitaka serikali ihakikishe kwamba shule zenye wanafunzi wa mahitaji maalumu zina walimu waliofunzwa, vifaa na majengo yanayowafaa.

Sasa nenda shule ya msingi ya umma iliyo karibu nawe, iwe Likoni, Changamwe au Kisauni, umuulize mwalimu mkuu ni fungu gani la pesa amepokea kwa ajili ya watoto hao. Atakwambia hakuna, na atakuwa anasema kweli. Sheria ilipita, lakini jedwali la mgao wa fedha halikupata safu mpya. Nikieleza jinsi mambo yalivyofikia hapa, naamini msomaji ataona kile ninachokiona mimi kuwa kiini cha tatizo: nchi yetu huanza kumlipia mtoto mwenye kipawa baada ya kufaulu mtihani mkubwa, ilhali kipawa chenyewe kinahitaji kuangaliwa miaka mitano au sita kabla ya hapo.

Mtoto gani tunayemzungumzia

Tangu KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, ilipofanywa mara ya kwanza mwaka 1985 hadi ya mwisho mwaka 2023, jibu la swali hili lilikuwa jepesi. Mtoto mwerevu alikuwa yule mwenye alama za juu. Katika miaka ya mwisho, yule aliyepita 400 kati ya 500. Jibu hilo lilituponza. Mtihani ulipima alichofundishwa mtoto, na karatasi karibu zote zilikuwa kwa Kiingereza. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani Joseph Renzulli alipendekeza kipimo kingine. Alisema kipawa huonekana pale mambo matatu yanapokutana: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu, na hamu ya kung'ang'ania kazi mpaka iishe. Naona ufafanuzi huu unatufaa zaidi sisi wa pwani, kwa sababu unatulazimisha kumtazama mtoto akiwa kazini badala ya kusubiri karatasi yake ya matokeo.

Na mtoto wa Mombasa huwa kazini mahali pengi ambapo mwalimu wa shule hafiki. Alasiri yuko chuoni, yaani madrasa, na maalim anajua vizuri nani anahifadhi sura baada ya kuisikia mara chache na nani anauliza maswali yanayowatatiza hata wakubwa. Magharibi yuko kwenye kibanda cha mamake, anajumlisha kichwani hesabu ya viazi karai, bhajia na maji ya ukwaju, na harudishi chenji kimakosa. Mwingine ameshinda kwa fundi wa simu na sasa anafungua spika mbovu na kuifanya ilie. Watu hawa wote, maalim, mama na fundi, wana habari za mtoto ambazo shule haijawahi kuzitaka.

Darasani mtoto huyo huyo anaweza kuwa wa kawaida tu, au chini ya hapo. Sababu moja ni lugha. Kwa sera, Gredi ya 1 hadi ya 3 hufundishwa kwa lugha inayotumika katika eneo la shule, ambayo kwa Mombasa ni Kiswahili. Kuanzia Gredi ya 4 masomo yanageuka kuwa Kiingereza. Swali la hesabu lililoandikwa kwa maneno linakuwa jaribio la Kiingereza kwanza, na hesabu baadaye. Mtoto ambaye mwaka uliotangulia aliongoza sasa anaonekana ameshuka, mzazi anaitwa shuleni, na kila mtu anamlaumu kwa uvivu.

Sababu nyingine ni kwamba dalili za kipawa hufanana sana na utovu wa nidhamu. Kazi ya nusu saa anaimaliza kwa dakika kumi, halafu hana la kufanya. Ataongea, atamchokoza jirani yake, atachora pembezoni mwa daftari, atamsahihisha mwalimu mbele ya wenzake. Mwalimu mwenye watoto sitini mbele yake hana nafasi ya kujiuliza kwa nini. Wasichana wengi huenda njia tofauti: hunyamaza, hujifanya hawajui, ili wasiitwe wenye maringo. Wapo pia watoto wenye kipawa na ulemavu kwa pamoja, kwa mfano asiyesikia vizuri au anayetatizika kusoma herufi ilhali akili yake ya kufikiri ni kali mno. Hao ndio wanaopotea kirahisi zaidi, maana ulemavu unaonekana upesi na watu wakishauona huacha kutazama.

Shilingi 1,420

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Leo kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi ni shilingi 1,420. Zigawanye kwa siku za masomo za mwaka, ambazo hazifiki mia mbili, upate kama shilingi saba kwa siku. Humo kuna vitabu, chaki, karatasi, maji, umeme, ukarabati mdogo na mlinzi wa lango. Mishahara ya walimu walioajiriwa na TSC, tume ya kuajiri walimu, hulipwa kando.

Chukua shule yenye wanafunzi 900. Mgao wake wa mwaka ni shilingi 1,278,000, zinazokusudiwa kuja kwa awamu tatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Kwa hiyo muhula wa tatu mwalimu mkuu ana shilingi 255,600 za kuendeshea shule nzima, na hiyo ni kama pesa zimefika kamili na kwa wakati. Walimu wakuu wamelalamika hadharani kwa miaka mingi kwamba hazifiki hivyo. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba kwa shule za sekondari, ambako kiwango kilichotangazwa ni shilingi 22,244, serikali ina uwezo wa kutoa kama 16,900 tu. Ikiwa sekondari, inayopiganiwa na kila mtu, hali yake ni hiyo, mtu anaweza kukisia shule ya msingi iko wapi kwenye foleni.

Watoto wenye ulemavu wana nyongeza juu ya mgao wa kawaida wanapokuwa katika shule maalumu au vitengo maalumu. Nyongeza hiyo bado ni ndogo na wanaistahili zaidi ya wanavyopata. Sitaki mtu yeyote asome makala haya kana kwamba ninapendekeza kuwapunguzia. Ninalosema ni kwamba wanafunzi waliotajwa katika kifungu kimoja cha sheria walikuja kutenganishwa katika bajeti. Hata sera ya sekta iliyotolewa mwaka 2018, kwa jina lake lenyewe, inahusu wanafunzi wenye ulemavu. Wenye vipawa walibaki kwenye maandishi ya sheria na katika mfumo wa mtaala wa umilisi wa mwaka 2017, ambao unawataja miongoni mwa wanaofuata mtaala wa kawaida kwa marekebisho. Marekebisho hayo yafanywe na nani, na kwa pesa gani, haikusemwa.

Angalia pia mtoto anapofika Gredi ya 7. Mgao wake unaruka kutoka shilingi 1,420 hadi 15,042, zaidi ya mara kumi, ingawa mara nyingi yuko katika uwanja ule ule wa shule na chini ya mwalimu mkuu yule yule. Miaka ambayo akili ya mtoto iko wazi zaidi kupokea ndiyo tunayoitengea pesa kidogo zaidi.

Ufadhili wa nje nao umejipanga vivyo hivyo. Wings to Fly ya benki ya Equity, iliyoanza mwaka 2010, ni ya sekondari. Basari za NG-CDF, hazina ya serikali ya maendeleo ya maeneo bunge, zinakwenda sekondari na vyuoni. Katika shule ya msingi hazina hiyo hujenga madarasa na vyoo. Shule ya Aga Khan Academy kule Kizingo, ambayo ni ya kibinafsi, ina mpango wa kutafuta wanafunzi wenye vipaji katika shule za msingi za umma za pwani na kuwafadhili. Ni mpango mzuri, umewabadilishia maisha watoto waliochaguliwa. Lakini unamtoa mtoto katika shule ya umma, haubadilishi shule aliyotoka. Tanzania, shule za serikali za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala nazo ni za sekondari. Popote unapogeuka, mlango uko juu ya ngazi.

Na ngazi imeongezwa urefu. Zamani KCPE ilimtambulisha mtoto mwishoni mwa darasa la nane. Sasa tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, KPSEA, haitumiki kumchagulia mtoto shule, jambo ambalo naliunga mkono kwa sababu limepunguza mbio za kukaririsha. Matokeo yake ya pembeni ni kwamba mfadhili anayetaka kumsaidia mtoto mwerevu maskini anasubiri tathmini ya Gredi ya 9, KJSEA. Mtoto wa Jomvu aliyekuwa na kipawa akiwa na miaka saba ataonekana akiwa na kumi na nne au kumi na tano, kama atakuwa bado shuleni.

Kumtafuta, si kumsubiri

Mtu akisikia elimu ya wenye vipawa hufikiria shule mpya yenye maabara na mabweni. Kwangu hilo ni la mwisho kabisa. La kwanza ni kuwatafuta, na hapa kuna funzo kutoka Marekani ambalo nalirudia kila ninapopata nafasi.

Marekani yenyewe serikali kuu hailazimishi shule za msingi za umma kuwahudumia watoto wenye vipawa. Programu ya Javits, iliyopitishwa mwaka 1988, hutoa ruzuku za utafiti na majaribio, tena si nyingi. Mengine yote yanategemea jimbo na wilaya ya shule, ndiyo maana mtoto hupata au hukosa kulingana na anakoishi. Katika wilaya ya Broward, Florida, watoto walikuwa wakipelekwa kupimwa baada ya mwalimu au mzazi kuwapendekeza, na mzazi mwenye uwezo angeweza kumlipa mwanasaikolojia wa kibinafsi. Waliopatikana walikuwa kwa wingi watoto wa wenye nacho. Mwaka 2005 wilaya ikaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili, bila mapendekezo. Wachumi David Card, aliyepata Nobel mwaka 2021, na Laura Giuliano walichunguza kilichotokea. Kati ya waliotambuliwa, idadi ya watoto maskini, weusi, wa asili ya Amerika ya Kilatini na wale ambao Kiingereza si lugha ya nyumbani iliongezeka sana. Walikuwepo siku zote. Walimu na wazazi wao hawakuwa wamewapendekeza. Kisha bajeti ikakatwa, upimaji wa wote ukasimamishwa, na mapengo ya zamani yakarudi.

Hali hiyo ya lugha ya nyumbani ndiyo ya mtoto wetu. Tukisema mwalimu apendekeze, tutapata watoto nadhifu, wanaozungumza Kiingereza vizuri na ambao wazazi wao wanamjua mwalimu mkuu. Tukiwapima wote, kwa Kiswahili, katika Gredi ya 2 au ya 3 kabla lugha haijageuka, tukitumia maswali ya kufikiri na michoro badala ya maswali ya kukumbuka, tutashangaa ni akina nani watakaojitokeza. Zoezi kama hilo linaweza kufanywa kwa karatasi na penseli, na walimu wakafundishwa kulisimamia wakati wa likizo. Kinachohitajika zaidi ni watu wa kulitengeneza na kulihakikisha, na watu hao wapo: Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, KISE, ipo tangu 1986, na vituo vya kutathmini watoto vilianza kuenezwa nchini mwaka 1984. Leo kazi ya vituo hivyo ni ulemavu karibu peke yake, kwa sababu huo ndio unaowafanya wazazi walete watoto.

Baada ya kuwapata, msaada una sura kadhaa na bei zake hazilingani. Rahisi kuliko zote ni kumruhusu mtoto apande somo moja: wa Gredi ya 3 aende kusoma hesabu na Gredi ya 5 kisha arudi kwake. Hii inadai ratiba ipangwe vizuri tu. Kumrusha mtoto darasa zima kulikuwa jambo la kawaida miaka ya nyuma, na utafiti wa miongo mingi Marekani umeonyesha kwamba watoto waliochaguliwa kwa uangalifu hufanya vizuri wakirushwa. Kwetu sasa kuna ugumu, kwa sababu tathmini za Gredi ya 4, ya 5 na ya 6 hujumlishwa katika matokeo ya mwisho wa ngazi kwa asilimia 60, na anayeruka gredi hubaki na pengo katika rekodi. Wizara ingeweza kuliondoa tatizo hilo kwa waraka mmoja unaoeleza rekodi ya mtoto kama huyo ihesabiweje.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo inayotaka pesa, japo si nyingi: kuwakusanya watoto hao alasiri moja kwa wiki, hata kutoka shule tatu nne zilizo jirani, chini ya mwalimu mmoja aliyefunzwa. Kwa shule yetu ya wanafunzi 900, mgao ukiongezwa shilingi 50 tu kwa kila mwanafunzi, zinapatikana shilingi 45,000 kwa mwaka. Zinatosha vifaa, posho ndogo na matatu ya kuwapeleka watoto mahali. Na Mombasa ina pa kuwapeleka. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iko Mkomani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. Fort Jesus ina makumbusho na watafiti, na jirani yake Swahilipot Hub ina vijana wa programu za kompyuta, muziki na maigizo. Mtoto wa Old Town anaishi hatua chache kutoka ngome iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia, na anaweza kumaliza shule ya msingi bila kuambiwa na yeyote jinsi ukuta ule ulivyopimwa na kujengwa.

Tuisheni siihesabu kuwa msaada. Ya likizo imekatazwa na kifungu cha 37 cha sheria ile ile, lakini hata ya jioni humrudishia mtoto yale aliyokwisha kuyaelewa, kwa gharama ya mzazi. Anayechoshwa na somo mara moja hatafurahi kulisikia mara ya pili.

Kaunti ina mlango wake

Ukienda ofisi ya kaunti kuomba pesa za shule ya msingi, utajibiwa kwamba hiyo ni kazi ya serikali ya kitaifa. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti elimu ya chekechea, maana yake watoto wa miaka minne na mitano, umri ambao dalili za kwanza huonekana. Walimu wa chekechea wa kaunti wakifundishwa kuandika wanachokiona, mtoto angeingia Gredi ya 1 na maelezo yake mkononi. Jedwali hilo hilo limezipa kaunti maktaba, makumbusho, na shughuli na vituo vya michezo na utamaduni. Darasa la alasiri la mashairi, hesabu, roboti au sataranji likifanyika maktabani au katika ukumbi wa kaunti, haliingilii kazi ya mtu. Na pale kaunti inapotaka kugharamia kitu ndani ya shule yenyewe, Kifungu cha 187 kinaruhusu makubaliano kati ya ngazi mbili za serikali. Mzozo wa basari za kaunti wa mwaka 2025, Msimamizi wa Bajeti alipotaka zisimamishwe hadi makubaliano ya aina hiyo yawepo, ulitufundisha kwamba karatasi hizo ziandaliwe mapema, kabla pesa hazijatengwa.

Ukiwa mzazi

Anza na mwalimu wa darasa, naye umwendee kama mshirika. Mpelekee mifano: alichotengeneza mtoto, alichoandika, swali aliloliuliza, maneno ya maalim wake. Omba kitu kimoja kinachowezekana, kama kupanda somo moja kwa muhula mmoja kisha mkae mtazame. Shule ikisita, omba kwa barua mtoto atathminiwe katika kituo cha tathmini, ukitaja kifungu cha 44. Barua hubaki kwenye faili. Hatua inayofuata ni bodi ya shule, kisha Bodi ya Elimu ya Kaunti, ambayo sheria imeipa wajibu kuhusu elimu ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Shule ikidai mchango wa pesa, kumbuka kuwa kifungu cha 29 kinakataza ada ya masomo, na mtoto hawezi kukataliwa kuingia shuleni kwa kukosa kulipa michango mingine hata ikiwa imeidhinishwa.

Barua ya mzazi mmoja humsaidia mtoto mmoja. Safu ya bajeti hupatikana kwa wazazi kujitokeza pamoja, na kalenda yake inajulikana: mpango wa maendeleo wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio kufikia 30 Aprili. Katikati ya tarehe hizo kuna vikao vya kuchukua maoni ya wananchi katika wadi, na maoni yaliyoandikwa hupokelewa pia. Ombi likitaja kifungu cha sheria, jina la maktaba, idadi ya watoto na kiasi cha shilingi, afisa wa bajeti ana kitu cha kuingiza kwenye jedwali.